Mahojiano ya Mama Furaha

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumanne, 2002

Kuona naona, kuandika siwezi. Leo kwenye ofisi ya wakimbizi ya City Centre, mjini, ambako natafsiri, nilifungua kalenda ya kompyuta, ambayo naruhusiwa kuisoma tu, nikakuta mahojiano ya jirani yangu Mama Furaha, ya kuhamia Kanada, yamewekwa jana badala ya Alhamisi. Pembeni wameandika: hakuja.

Nilimwomba Banda wa mapokezi arekebishe.

"Pole, dada. Ruhusa ya kuandika iko na bosi peke yake, na yuko safarini mpaka mwezi ujao."

Niliporudi, Mama Furaha alikuwa anapiga pasi nguo za batoto, za kuvaa Alhamisi. Nikamwambia ukweli.

"Lakini si we njo unafanya kazi mule mu ofisi?" akasema.

Akaendelea kupiga pasi.