Pembeni Peupe

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na binti yetu, ambaye najua sasa hata kuinama kufunga kiatu ni kazi kwake. Mpe pole zangu, mwambie mama yake mdogo anamwombea usiku na mchana. Mimi mwili hauna neno. Kuhusu mengine, endelea kusoma.

Barua yako niliipata. Nimekaa nayo muda mrefu, na nakujua wewe si mtu wa kunyamaziwa. Unaomba kile kitabu cha ukunga cha Mama, chenye maneno aliyoandika pembeni kwa penseli alipokuzaa wewe, uliyekuja duniani umetanguliza miguu. Unataka binti ayasome kabla hajaingia wodini, kwa sababu mtoto wake naye amekaa vibaya tumboni na hofu imemjaa. Ombi dogo kabisa. Afadhali ungeniomba figo.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu, maana hata nyumbani mnadhani hapa maktaba ya chuo nagonga mihuri tu. Mlangoni kwangu pameandikwa Huduma za Kiufundi, basi wanafunzi wa uuguzi huniletea simu zilizopasuka kioo. Nikiwaambia hapa tunashughulikia vitabu wanaondoka wamenuna. Kitabu kikifika chuoni hakiendi rafuni moja kwa moja. Kinapita kwangu: nakikagua, nakiingiza kwenye kompyuta, nakipa namba, nabandika lebo mgongoni, nakivika jalada la plastiki. Kabla ya hapo, hata kiwe mezani mbele ya macho yako, kwa chuo hakipo.

Baada ya msiba tulipokubaliana vitabu vya Mama vije huku, wewe mwenyewe ulisema heri visomwe kuliko kuliwa na mchwa. Nilitaka kila kimoja kiwe na kibandiko kidogo ndani chenye jina lake. Mkuu wa maktaba, tunayemwita Bwana Utaratibu, alifungua kimoja, akafungua cha pili, akaniambia kwa upole kwamba kitabu cha zawadi chenye maandishi hakipokelewi. Hakuwa na roho mbaya. Ndiyo kanuni, na mimi mwenyewe nimewakatalia wengi kwa kanuni hiyo hiyo.

Basi nikafuta. Nilinunua kifutio laini, kile cha wachoraji, na kila mchana wenzangu wakienda kula mimi nilibaki. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiandika kila penye nafasi: mzazi mmoja kakataa kulala chali, kajifungua amechuchumaa, salama, hapa si kweli, hapa kweli kabisa, huyu mwandishi hajawahi kushikwa na uchungu. Nilikuwa nasoma, nacheka peke yangu, nafuta, napuliza vumbi. Utaniuliza kwa nini sikupiga picha kwanza. Simu nilikuwa nayo mfukoni, dada. Nilijiona mjanja, kwamba jina lake litakaa rafuni siku zote na maneno nimeyashika kichwani.

Rafuni havikukaa hata mwaka. Walimu wa uuguzi walilalamika kwamba ni vya zamani, dawa zimebadilika, mwanafunzi akivifuata anaweza kuua mtu. Siwezi kubishana nao, wana haki. Vikarudishwa chumbani kwangu, na ni mimi niliyevigonga mhuri wa KIMEONDOLEWA, kimoja baada ya kingine, kisha nikavibeba nyumbani kwenye maboksi. Sikukuambia. Kila ulipoulizia vitabu nilikuambia vipo, na kwa kweli vipo.

Kitabu chako ninacho. Juzi nilikifungua kwenye ukurasa wa watoto wanaotanguliza miguu, na pembeni ni peupe. Nikakipeleka dirishani, nikakilaza hivi na hivi, nikidhani penseli imeacha mikwaruzo. Mama alikuwa na mkono mwepesi, na mimi nilifanya kazi nzuri. Hilo ndilo linalonimaliza, dada, kwamba nilifanya kazi nzuri.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi. Nilichukua penseli nikaanza kuyaandika upya kwa mwandiko wake, na zile herufi zake za kulalia kushoto, ili nikutumie usijue kitu. Mkono ulikubali kabisa, ungeamini ni yeye. Nilipofika pale anaposimulia alivyouona mguu wako ukitangulia, nikakwama. Sikukumbuka kama aliandika kwamba alilia au kwamba alicheka. Nilikaa na ukurasa ule siku nzima, na mpaka sasa sijui. Nikafuta tena.

Nakutumia kitabu pamoja na barua hii, kama kilivyo. Wewe ulikuwa ukiyasoma maneno yale kuliko sisi sote, tangu ulipojua kusoma. Kama unakumbuka alilia au alicheka, mwambie binti kwa mdomo wako, asisubiri kuona kwa macho. Kama nawe yamekutoka, basi hakuna tena anayejua, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Siombi unisamehe sasa hivi. Binti akijifungua, hata kama bado hutaki kusema nami, naomba mtu yeyote anijulishe.

Ni mimi, mdogo wako.