Mama Mkwe Chini ya Turubai la Jeshi

Mama mkwe mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa na kwa heshima zote zinazostahili, ninakutangazia kwamba juzi, nyuma ya nyumba yetu hapa Ngokolo, mbele ya binti yako Minza, wajukuu zako wawili na jirani mmoja aliyekuja kuomba moto, turubai la gari letu limestaafu rasmi. Limetoboka pande zote. Sasa linaanikiwa mpunga, na mpunga wote unanuka lami. Nilitaka kutoa hotuba fupi, Minza akaniambia nisogee, naukingia mpunga jua.

Shikamoo, mama. Najua huko uliko huwezi kuitikia. Lakini hata ulipokuwa hai hukuniitikia moja kwa moja: ulimwambia mtu aliyekuwa karibu, naye akaniletea marahaba yangu. Ndivyo ukwe wetu unavyotaka. Nami nikikuona unakuja njiani, niliacha njia nikaingia kwenye mtama, na kwa mwili huu wangu mtama wa watu ulipata hasara. Leo nakuandikia, na karatasi haina pa kukimbilia.

Turubai lile wewe hukuwa wa kwanza kulishuku. Siku ya kulinunua yalikuwa mawili pale dukani Shinyanga mjini: moja jipya, la kahawia, jepesi, jingine la jeshi, kijani cha kukolea, zito, lililobaki baada ya vita. Minza alishika la kahawia. "Hilo la jeshi litatufukuzia wateja," alisema. Nikamweleza habari za mvua na chumvi tuliyokuwa tukiuza magulioni, kwa sauti ya mtu anayeyajua magari, mimi ambaye siku zile nilikuwa bado narudisha gari nyuma kwa kumwomba Mungu. Nikachukua la jeshi.

Chumvi haikulowana hata punje. Wateja ndio walioyeyuka. Unakumbuka miaka ile kila gulio lilikuwa na habari za mumiani, watu wanaowakamata wenzao njiani, wakawanyonya damu na kwenda kuiuza. Wengine waliapa kwamba kule migodini Geita mashine haziwaki bila damu hiyo. Na mumiani, kila mtu alijua, ana gari lililofunikwa. Nikisimamisha pikapu, akina mama wanavuta watoto, wanaume wanalizunguka wakiligusa turubai kwa fimbo. Sura yangu haikunisaidia: nilikuwa mnene kiasi cha kumfanya mtu ajiulize ninakula nini.

Kisha Minza akashika mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na safari hii alikuwa hali chakula, halali usingizi, anatazama mlango tu. "Niletee mama," aliniambia. Nikaja Ushetu kukuchukua, katikati ya masika.

Uliizunguka pikapu ile na kuku wako kwapani. Ukainusa. Ukavuta kamba moja, ukavuta nyingine. Mtu wa kutusemea hakuwapo karibu, kwa hiyo ukamtumia kuku.

"Kuku, mwulize mwenye gari, kamba zote hizi za nini? Mzigo gani unafungwa hivi, kama si ule unaotaka kukimbia?"

"Kuku, mwambie mama ni kwa sababu ya mvua."

"Mwambie mvua nimeanza kuiona kabla yeye hajazaliwa. Mwulize tena, mbele pamejaa?"

Mbele palikuwa patupu, na wote wawili tulijua kwamba mtu na mkwewe hawawezi kukaa bega kwa bega. Kisha ukauliza kwa sauti ya chini, "Kuku, mwulize kama Minza anakula."

"Mwambie hali. Anasema atakula mama akifika."

Ukapanda nyuma, nikafunga.

Yaliyotokea njiani wajukuu zako wameyasikia kwako na kwangu. Katika hadithi yako, uliruka garini ukawatawanya wanaume kwa kuwapiga kwa huyo kuku. Katika yangu, niliwahutubia mpaka wakaomba radhi. Sasa Limi, yule uliyekuja kumpokea, amekua, ananiuliza ipi ni ya kweli. Mama, ilikuwa hivi.

Tulipokwisha kuipita Kahama, gari lilizama kwenye tope. Wanaume waliotoka shamba wakaja kusukuma, wakaliona turubai, wakaacha kusukuma.

"Umebeba nini humo?"

Nilipaswa kusema nimembeba mama mkwe wangu. Lakini nani asimame mbele ya wanaume wenzake aseme amemfunga mama mkwe nyuma kwa kamba, kama mbuzi?

"Hamna mtu," nikasema. "Ni chumvi tu."

Chumvi ikakohoa.

Mmoja akanishika ukosi. "Chumvi ya wapi hiyo inayokohoa, we mnene?" Mwenzake akainua jembe. Mara ncha ya kisu ikatokeza pembeni mwa turubai, kamba ikakatika, ya pili nayo ikakatika, ukatoka. Kumbe ulikuwa na kisu tangu nyumbani.

"Mayu, mama yetu, unamfahamu mtu huyu?" aliuliza mwenye jembe.

Ulinitazama usoni, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, nami nikaona kwamba huna hakika. Ulikuwa umenisikia kwa masikio yako nikikukana. Jembe lilikuwa bado juu. Nilimfikiria Minza, anautazama mlango, na hakuna anayeingia, mama wala mume.

"Kwa nini umesema mimi ni chumvi?" Uliniuliza mimi, si kuku.

"Niliona aibu, mama."

Ukazidi kunitazama. Kisha ukacheka kidogo, puani, ukawageukia wale wanaume.

"Mwachieni. Mumiani haoni aibu. Huyu ni mkwe wangu. Sukumeni gari."

Wakasukuma. Ukaja kuketi mbele, umegeukia dirisha lako, nami nimegeukia langu kadiri dereva anavyoweza. Jioni ile Minza alikula. Limi alipozaliwa, alipokelewa na mikono yako. Mimi na wewe hatukusemezana tena hadi ulipofariki, na kwa hiyo sikuwahi kukushukuru. Neno kama hilo ningelituma kwa nani?

Asante, mama. Lala salama.

Mkweo,
Baba Limi