Kaptula ya Mafundo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: wote huniita Fundi Shangazi
Umri: miaka 52
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba cha nyuma ya duka langu, jirani na shule ya msingi

Mtoto anayehusika ni binti wa kaka yangu, ana miaka minane. Mnamo tarehe 14 mwezi huu, yaani leo, saa nane mchana, alikuja dukani akitoka shule. Kwa kawaida huingia akiimba mpaka wateja wanacheka. Leo aliingia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akasema, "Shangazi, nishonee kaptula ya kuvaa ndani ya sketi. Kiunoni ufunge mafundo magumu."

Nikamtania, "Na ukitaka kwenda chooni je?"

"Siku za tuisheni siendi."

Nikasimamisha cherehani. Wazazi huniomba niache nafasi kwa sababu watoto hukua haraka. Hajawahi kuja mtoto kutaka nguo isiyovulika.

Sikumhoji sana. Nilimwuliza tu anamwogopa nani. Akamtaja mwalimu wake wa tuisheni, mpangaji wa kaka yangu. Akasema humgusa anapomfundisha, na amemwambia ni siri yao, mama akijua atamchapa. Nikamwambia hana kosa lolote. Nikafunga duka.

Dalili tulikuwa nazo. Alianza tena kukojoa kitandani. Tumbo lilimuuma kila siku ya tuisheni. Penseli alizopewa na mwalimu hakutaka hata kuzichonga. Sisi wakubwa tukasema anadeka. Alipokataa kumpa mwalimu mkono, tulimlazimisha, eti adabu.

Nilimpeleka kwao. Wifi akasema, "Mwalimu huyu huyu aliyemfundisha kusoma? Wifi, chunga ulimi wako." Kaka alikuwepo, akisikia yote. Nikasema leo haendi tuisheni, anakwenda na mimi kituoni. Tulipofika geti la kituo, kaka alikuwa nyuma yetu, amevaa ndala za mkewe.

Yule mtu namchukia. Naomba iandikwe hivyo hivyo.

Kabla sijaingia humu, mtoto aliniuliza kama saa kumi imepita. Saa kumi ndiyo ya tuisheni. Nikamwambia imepita. Akalala papo hapo kwenye benchi la hapo mlangoni.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Nimeyasoma kwa sauti ya chini, kwa ombi lake, mtoto asiamke.
Koplo, Dawati la Watoto