Shambulio Jukwaani Siku ya Tuzo za Mwambao

KITUO CHA POLISI, MALINDI
Maelezo ya shahidi katika shauri la kumjeruhi vibaya Dorcas Kasiva
Yameandikwa Jumatatu, tarehe 8 Desemba 1986, kuanzia saa nne asubuhi

Jina: Zipporah Kahonzi Mwambire
Umri: Miaka 38
Kabila: Mgiriama
Kazi: Mwalimu wa shule ya msingi
Makao: Muyeye, Malindi

Mimi ndimi mwenye jina lililotajwa hapo juu. Ni mtu mzima, mwenye akili timamu, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu bila kuitwa. Mshukiwa Karisa Mwambire ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliyeumizwa, Dorcas Kasiva, ni mke wake, na kwa hiyo ni wifi yangu. Sina ugomvi na yeyote kati yao.

Karisa ni mpiga gita na kiongozi wa bendi ya Sabaki Shangwe. Alimwoa Dorcas alipokuja Malindi kutoka Ukambani kufanya kazi hotelini, akamtia katika bendi, na wakawa wakiimba pamoja. Watu waliwapenda hasa kwa kichekesho chao cha mke na mume wanaogombana. Karisa alijifanya kumpiga kwa mwiko, naye Dorcas akajitupa chini akilia, ukumbi ukavunjika mbavu. Nyumbani kipigo kilikuwa cha kweli. Nilikwisha kumwonya Karisa mara nyingi, na mama yetu pia alimwonya.

Mwezi wa Aprili mwaka huu Dorcas aliondoka. Alipanga chumba Mtwapa, akaimba peke yake, na wimbo aliomtungia marehemu mama yake ukapigwa sana redioni. Karisa hakumfuata. Aliniambia, “Dada, mwache. Njaa itamrudisha.”

Mnamo Jumamosi, tarehe 6 Desemba, zilifanyika Tuzo za Muziki wa Mwambao, ambazo hutolewa kila mwaka hapa mjini. Kamati ilinichagua niwe mtangazaji wa washindi, kwa kuwa mimi ndiye hutangaza mashindano ya kwaya za shule. Desturi ya tuzo hizo ni kwamba mshindi wa mwaka uliopita ndiye humkabidhi mshindi mpya. Mwimbaji bora wa mwaka jana alikuwa Karisa. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Kiponda, alimwuliza mbele yangu, “Na ikiwa mshindi ni mkeo?” Karisa akacheka, akasema, “Nitampa kwa mikono yangu miwili.” Tukaridhika.

Sherehe ilianza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nilitangaza mshindi wa ngoma, kikundi cha akina mama kutoka Magarini, wakapanda wakicheza, na mzee aliyewakabidhi tuzo akacheza nao. Nikatangaza mshindi wa taarabu. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kiasi cha saa kumi na moja nilimwita Karisa ashike tuzo ya mwimbaji bora. Ilikuwa ngoma ndogo ya mpingo, imekazwa juu ya kitako cha shaba, nzito kuliko ilivyoonekana. Hakunuka pombe. Ninalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakisema alikuwa amelewa.

Nikatangaza kwamba mshindi ni Dorcas Kasiva.

Watu walisimama. Dorcas alipanda jukwaani amevaa gauni la kijani, machozi yakimtoka. Alikuja kwangu kwanza, akasema, “Shikamoo, dada.” Nikamwitikia marahaba, nikamkumbatia. Kisha akamwendea mumewe akanyoosha mikono yote miwili.

Karisa hakumpa. Alisema, na kipaza sauti kilikuwa karibu hivi kwamba ukumbi mzima ulisikia, “Sauti hii niliifundisha mimi.”

Dorcas akajibu kwa upole, “Ulinifundisha nyimbo, Karisa. Sauti nilizaliwa nayo.”

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Karisa naye alitabasamu. Kisha akaishika ile tuzo upande wa ngoma, akampiga nayo tayani kwa kile kitako cha shaba.

Nilisikia mfupa ukivunjika. Dorcas alianguka kwa magoti. Ukumbi ukazidi kushangilia, kwa maana walidhani ni kile kichekesho chao cha siku zote. Mpiga ngoma wa bendi iliyokuwa nyuma yetu akapiga ngoma yake kufuatiliza, kama wafanyavyo katika vichekesho. Karisa akampiga tena, mara hii kichwani juu ya sikio. Damu iliruka ikanipata kifuani. Meno yalikuwa sakafuni. Watu bado walikuwa wakicheka.

Niliushika mkono wake. Alinisukuma nikaangukia meza ya tuzo, na hapo ndipo kifundo cha mkono wangu kilipoteguka. Nilipoinuka alikuwa amemkalia Dorcas kifuani, ameitupa tuzo, na amemkandamiza koo kwa mkono wake wa kulia. Alikuwa akimwambia, “Imba. Imba sasa.” Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. Miguu ya Dorcas ilikuwa ikipigapiga mbao, kiatu kimoja kimemtoka.

Nilimng’ata Karisa bega mpaka nikaonja damu. Hakuachia. Nikachukua chuma cha kusimamishia kipaza sauti nikampiga nacho mgongoni, nikampiga tena shingoni, naye akaanguka ubavu. Alama mtakazozikuta mgongoni, shingoni na begani mwake ni zangu, si za watu waliompiga baadaye. Kisha nikasema katika kipaza sauti, “Si mchezo. Anamuua. Jamani, si mchezo.”

Makofi yalikatika. Mama mmoja wa mbele aliyaona yale meno akapiga ukunga.

Hapo watu walipanda jukwaani wote kwa pamoja. Lewa, mpiga besi wa Sabaki Shangwe ambaye ni rafiki wa Karisa tangu utotoni, alimnyanyua Dorcas, akamtoa kwa mlango wa nyuma na kumpeleka hospitalini kwa pikapu ya vyombo. Wengine walimkamata Karisa, wakamburuta kwa miguu mpaka uani, kichwa chake kikigonga kila ngazi. Walimpiga kwa viti na chupa za soda. Nilimwona kijana mmoja akimrukia mbavuni kwa miguu miwili. Siwajui majina, na wengi walikuwa watu wa heshima waliokuja na wake zao. Walikuwa wamemcheka Dorcas, na nafikiri ndiyo maana walipiga kwa ukali ule.

Mtu akasema, “Leteni mafuta ya taa.” Mwingine akaenda kuyaleta.

Nilipenya nikajilaza juu ya Karisa. Walinipiga mimi, sijui kama kwa kukusudia. Chupa ilipasuka begani pangu. Sauti ikasema, “Mwalimu, toka! Huyu si mtu!” Nikawaambia, “Ni mtu. Ni mdogo wangu. Nichomeni naye.” Mzee Kiponda akaja, akasimama juu yetu na bakora yake, akawa anawaita wale vijana kwa majina ya baba zao. Wakarudi nyuma. Karisa alikuwa na fahamu. Aliniuliza sikioni, “Dada, hawa wanipiga kwa nini?” Askari wakafika wakamchukua kwa Landrova.

Jumapili asubuhi nilimwona Dorcas hospitalini. Taya limevunjika mahali pawili. Daktari aliniambia koromeo limepondeka, na kwamba ataishi, lakini kuhusu kuimba nisimwulize. Anapumua kwa mpira uliotiwa shingoni. Hawezi kusema. Nilimpa kidole changu, akakishika, hakukiachia mpaka aliposinzia.

Alasiri niliitwa nyumbani kwa mama. Niliwakuta amu zangu wawili na mchungaji wetu. Amu mkubwa, Kahindi, alisema nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, kwa hiyo neno langu ndilo litakaloshika. Alitaka niseme kwamba Dorcas alijikwaa kwa viatu vya kisigino, akaiangukia tuzo, na Karisa alimwinamia kumsaidia. “Wale wengine wote walidhani ni mchezo,” alisema. “Wewe sema ilikuwa ajali.” Mchungaji alikuwa akitazama chini.

Nikasema siwezi.

Ndipo mama akasema, “Jana ulimkinga kwa mwili wako wasimuue. Leo wataka kumfunga kwa mdomo wako?”

Nilimwambia, “Mama, nilimkinga kwa sababu ni mwana wako. Na Dorcas, ni mwana wa nani?”

Mama akaugeuzia uso ukuta. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Hakuna aliyenisindikiza.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ndiyo hayo niliyoyasema. Nimesomewa, ni yangu, na niko tayari kuyarudia mahakamani mbele ya Karisa.

(Sahihi) Z. K. Mwambire

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, ambaye amekubali kuwa ni sahihi na kutia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umefungwa bendeji. Tulipomaliza kuandika, nilimwarifu kwamba mama yake yuko nje, ameketi kwenye benchi la mbele na bakuli la chakula cha mshukiwa, na kwamba akipenda naweza kumpitisha mlango wa nyuma. Alishukuru. Alijifunga leso vizuri, akatoka kwa mlango wa mbele.

(Sahihi) Koplo S. Kamande