Mchezo Niliofungulia kwenye Kompyuta ya Migdalia

Mshauri Eneida mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimejificha nyuma ya mwanamke aliyenifundisha kazi.

Mimi ni karani wa kuandikisha vizazi hapa Camagüey, Cuba, na rafiki yangu Yoel alinipa kwenye flashi mchezo wa kutisha wa kompyuta, mkubwa ajabu lakini mafundi wameubana ukawa mdogo, na mchezo wa namna hiyo hujifungua kwa saa nyingi, umeme ukikatika katikati unaanza upya, na kwetu hukatika kila siku, ila ofisi iko laini moja ya umeme na hospitali, haukatiki, basi nikauanzisha kimyakimya kwenye kompyuta ya Migdalia, mwanamke huyo aliyenifundisha, ndiyo yenye nguvu. Nilitazama udogo wa kifurushi, sikujiuliza kikifunguka kitakuwa kikubwa kiasi gani. Kikajaza diski yote, na watoto aliowaandika siku ile hawakuhifadhiwa hata mmoja.

Nikaufuta mchezo haraka. Fundi alipokuja akakuta nafasi tele, akasema kompyuta haina kosa. Bosi wetu Orestes akamwambia mbele ya wote, "Bibi, umesahau kuhifadhi? Nenda kalee wajukuu!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Baadaye Migdalia akaninong'oneza, "Mwanangu, niliwaandika, naapa. Au akili imeanza kuniaga? Mama yangu alianza hivihivi." Nikamletea kahawa. Kahawa tu! Jumatatu anasaini kustaafu. Nikisema nitafukuzwa, na nyumbani wananitegemea. Nifanye nini?

Mwenye aibu

Mwenye aibu,

Mchezo wenyewe haunishtui. Hata mwanangu huulaani umeme kila kifurushi kinapokaribia mwisho. Woga wa kufukuzwa nauelewa pia. Lakini kucheka, kijana! Mama wa watu anaamini akili inamtoka, nawe unajua ni nzima, halafu unampoza kwa kahawa?

Usianze na Orestes. Leo hii nenda kwa Migdalia, na kabla hujakaribishwa kiti mwambie: "Akili yako haina kasoro, ni mimi." Akikutukana, vumilia, wala usisingizie umeme. Jumatatu asubuhi, kabla hajashika kalamu, useme wewe mwenyewe mbele ya walewale waliocheka. Kisha uwafuate wazazi wa watoto wale nyumba kwa nyumba, uwaandike upya. Huenda ukafukuzwa, sikuahidi kinyume. Kazi nyingine utatafuta. Yeye akishajiona mwendawazimu, atatafuta wapi akili nyingine?

Na uende mikono mitupu. Kahawa yako ameshakunywa ya kutosha.