Redio Uliyoifunga Krismasi

Umoja, Nairobi
14 Julai 1996

Mwanangu Muoki,

Natumaini u mzima huko Mombasa. Hapa maji yamerudi, na dada yako ameipaka nyumba rangi nisiyoipenda.

Gari limenichosha. Jioni linawaka vizuri, asubuhi betri imekufa. Nilinunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Jumanne majirani walilisukuma bila mafanikio, na mama yako akakosa sindano yake ya hospitalini. Daktari ameonya asikose nyingine.

Jumatano nilimwita fundi Kweyu. Alizima kila kitu, akafungua waya mmoja wa betri, akaweka hapo katikati taa ndogo ya kupimia. Ikawaka.

"Mwalimu, kuna kitu inakula moto ya betri."

Alichomoa fyuzi moja moja bila mabadiliko. Alipochomoa waya wa redio uliyoifunga Krismasi, taa ikazimika. Uliiunganisha vibaya, Muoki. Gari likizimwa, redio haizimiki.

Nilimwambia Kweyu aing'oe. Mama yako akatoka na leso mabegani, akasimama kwenye mlango wa gari.

"Rudisha huo waya. Aliyeifunga ndiye atakayeing'oa."

Nikamweleza habari za umeme.

"Baba Muoki, sijakuuliza habari za waya."

Sasa kila jioni nainama kuifungua betri, na kila asubuhi naifunga tena, kwa mgongo huu. Mama yako hajasema kwamba ana hamu ya kukuona, nami sitamsemea. Sindano ijayo ni Alhamisi. Njoo na bisibisi yako.

Ni mimi baba yako,
Ndete