Nyayo za Jana katika Korongo la Umm Sayal

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Ras Huweita, Sinai Kusini
Ijumaa, 13 Aprili 2018, saa 8:15 mchana

Jina: Huweimil Frej Ateig. Umri: miaka 52. Kazi: kuongoza wageni milimani, na mbuzi kidogo. Makazi: Bonde la Umm Sayal. Dini: Mwislamu. Elimu: darasa la nne.

Assalamu alaikum, afande. Natumaini umeamka salama na kile kikohozi cha jana kimepungua. Naomba salamu hizi uziandike, maana kwetu mtu haingii kwenye maneno mazito kama mbuzi aingiavyo hemani. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Habari za moyo usiniulize.

Mnamo tarehe 11 Aprili, Jumatano, saa 11:30 alfajiri, baada ya swala, niliondoka nyumbani na mgeni mmoja, Mwalimu Hilmi Shahawi wa Mansura, mstaafu wa jiografia, umri miaka 63. Alitaka kuvuka makorongo kwa siku moja, kutoka kwetu hadi barabara ya pwani. Nusu ya kwanza ni ya kabila letu. Nusu ya pili ni ya jirani zetu, na huko mgeni huongozwa na mtu wao. Hatuvuki. Mpakani kuna rundo la mawe la babu zetu. Hapo unamkabidhi mgeni mkono kwa mkono, unarudi. Mwaka juzi mtu wetu mmoja alivuka na mgeni, na shauri lake mbele ya wazee halijaisha mpaka leo. Wa kumpokea Mwalimu alikuwa mtu wao, shemeji yangu Sweilim, mume wa dada yangu Hamda, ambaye mnaye humu ndani tangu jana.

Mwalimu ni mtu wa mzaha. Mahali korongo linapobana, aliingia ubavu ubavu akasema tumbo lake ni la pensheni, lipite taratibu. Saa 3 tulichemsha chai. Nilimwonyesha nyayo: huyu mbweha, huyu mbuzi wa mlimani. Nikamwambia unyayo wa mtu ni kama sura yake, nikamchorea wa Sweilim mchangani: katambuga za tairi, na kidole cha kushoto kinaburuza tangu ngamia amwangushe. Nilimwambia, "Ukiuona huu, Mwalimu, umefika. Ufuate tu."

Maneno hayo niliyasema mimi, afande. Yaandike kama yalivyo.

Saa 5:40 tulifika kwenye rundo. Sweilim hakuwepo. Nyayo zake zilikuwepo, zimeingia korongo la kushoto, kingo zake kali kama zimekatwa kwa kisu. Mle upepo haufiki. Nilizitazama nikiwa nimesimama. Mwalimu akacheka, akaniita kwa jina la mwanangu, akasema, "Baba Ghanim, unasoma nyayo kama mimi nisomavyo gazeti. Kichwa cha habari tu."

Nikamjibu, "Habari yenyewe fupi. Shemeji yuko nyuma ya kona na ngamia wake."

Mtu anayeijua kazi hii hupiga goti. Usiku mbawakawa weusi hutembea mchangani, na kila mmoja huacha mstari mwembamba kama mshono. Mstari ukiwa chini ya unyayo, mtu amepita asubuhi hiyo. Ukiwa juu yake, mtu amepita kabla ya usiku. Watoto wetu wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mimi sikupiga goti. Magoti hayaniumi, nisikudanganye. Nilikuwa nimejisifu kwake tangu asubuhi, nikaona haya kuonekana nahakikisha.

Nilimwachia maji lita mbili, mikate na machungwa mawili. Alikaa kivulini amngoje shemeji; mimi sikungoja kumkabidhi mkono kwa mkono. Alipokuwa ananiaga alisema akifika nyumbani ataniandikia barua anipe alama zangu. Nikamwambia asinipe sifuri. Akasema, "Tutaona."

Saa 11:10 jioni nilitoka korongoni, simu ikashika mtandao. Kulikuwa na ujumbe wa Sweilim wa saa 1:20 asubuhi: Hamda ana homa kali, nampeleka hospitali, usimlete mgeni, jana nilikuja kuficha maji tu nikarudi. Nilikimbia hadi kwenye kizuizi cha barabarani. Askari waliniambia milimani hakuingiwi jua likishatua. Nikangoja palepale kando ya barabara, namwomba Mungu.

Tarehe 12, saa 4:00 asubuhi, nilikuwa kwenye rundo. Hapo ndipo nikapiga goti. Juu ya unyayo wa Sweilim palikuwa na mstari wa mbawakawa, na mbele kidogo mstari huo umekatwa na alama ya kiatu cha Mwalimu. Mnasema nyayo za shemeji zilionekana, basi alikuwepo. Hapana, afande. Ni za Jumanne.

Mwalimu alisubiri sana. Maganda ya chungwa yalikuwa mahali pawili, jinsi jua lilivyomhamisha. Kisha alizifuata nyayo zile, anakanyaga pembeni asiziharibu, kama nilivyomfundisha. Zinaishia kwenye mwamba mtupu. Galoni ya maji aliyoificha Sweilim iko pale chini ya jiwe, imejaa, haijaguswa. Alipita hatua sita tu kando yake. Juu ya mwamba kuna makorongo matatu, na jiwe halishiki unyayo. Niliita mpaka sauti ikakatika. Saa 10 alasiri nikaja hapa kutoa taarifa. Sweilim aliposikia alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akamwacha Hamda kitandani. Mkatuweka ndani wote wawili.

Jana mke wa Mwalimu alizungumza nami kwa simu yako. Hakulia. Aliniuliza kama mumewe alikuwa amekula.

Leo ni siku ya tatu, na maji yalikuwa lita mbili. Hesabu hiyo naijua, sihitaji kuambiwa. Lakini tangu asubuhi upepo wa hamsini, ule wa joto unaobeba mchanga, unavuma, nausikia kwenye bati la hapa kituoni. Korongo la katikati lina mchanga ukipanda juu, na hauna kuta za kuukinga. Kama alipita huko, unyayo wake utafutika kabla ya magharibi. Anayeyajua makorongo hayo ni Sweilim. Kutufunga mtatufunga baadaye, hatukimbii, wake zetu wako hapa.

Niliyoyaona na niliyoyapuuza ni haya, nimeyasema kwa hiari yangu. Ombi langu ni moja: tupeni ruhusa twende. Safari hii nitapiga goti kila hatua. Tafadhali nijibu mapema, afande, leo hii.

Sahihi: Huweimil Frej Ateig

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Anis Tolba. Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Ombi lake limepelekwa kwa mkuu wa kituo saa 9:05 alasiri. Saa 12:20 jioni: jibu halijafika. Shahidi ameuliza mara nne. Upepo bado unavuma.